Nyumba Iwe na Pa Kujisitiri

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni kitu gani kinachoifanya nyumba yako ikutulize roho? Najua wengi watataja rangi, maua na makochi. Mimi nataja sitara. Nyumba isiyo na pahali pa kuketi usionekane haimpumzishi mtu, hata ipambwe vipi.

Wazee wetu wa Amu, yaani mji wa Lamu, walijenga wakilijua hilo. Katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, mgeni wa kupita huishia dakani, ukumbi mdogo wa mlangoni, penye baraza zinazotazamana. Akikaribishwa, njia hukata kona kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ili aliye nje asichungulie. Kisha huja misana, zile kumbi ndefu nyembamba, na mwisho kabisa chumba cha faragha kiitwacho ndani, penye zidaka, vishubaka vya chokaa ukutani. Kila ukivuka hatua, kelele za mtaani na milio ya punda hupungua. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko hazivuki sana upana wa mita 3, lakini dari iko juu na kuta ni nene, joto la mchana huchelewa kupenya. (Mliorithi nyumba hizo, tafadhali msizipige plasta ya simiti. Inafungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe na ukuta unaanza kumomonyoka. Chokaa huuacha ukapumua.)

Yangu si hiyo. Tumepanga vyumba viwili vya matofali na mabati huko mtaa wa Wiyoni, na mlango ukifunguliwa tu jirani anajua tumepika nini. Nilianza na pazia la leso, hatua chache nyuma ya mlango: macho yanazuilika, upepo wa kusi unapita. Kochi kubwa la arusi lilikuwa limeziba dirisha, nikampa shemeji. Mume wangu alinuna kidogo, kisha akauzoea mkeka na mito, na sasa yeye ndiye wa kwanza kujilaza hapo baada ya Adhuhuri. Chini ya mabati tumefunga majamvi. Joto lipo bado, sitadanganya, ila mvua ikinyesha twasikizana.

Pembe ya chumba cha nyuma ina msala wa kuswalia na rafu ya msahafu. Watoto wanajua kuwa aliyeketi pale haitwi, hata kama chungu kinaungua. Hiyo ndiyo ndani yetu, na sidhani kuna kitu nilichonunua kilichonifaa kama sheria hiyo isiyo na bei. Udi nachoma Alhamisi jioni, asumini nachuma kwa jirani; hayo ni mapambo, nayapenda, lakini peke yake hayatoshi.

Mavyaa wangu anasema pazia lafukuza wageni. Wageni tumewawekea benchi nje, kivulini, na dele la kahawa. Hukaa hadi ikaadhiniwa Isha, na mara nyingi mimi ndiye ninayewaaga wao.