Kabla hujasaini, uliza masta inabaki kwa nani

Juzi kijana mmoja mpiga saksafoni aliniandikia: "Kaka, nimepata mtu wa kunilipia studio, ila anataka masta ibaki kwake. Nisaini?" Masta ni ile rekodi ya asili ambayo nakala zote hutolewa kwake. Moyo ulinidunda. Karatasi ya namna hiyo niliwahi kuisaini, nimeiweka juu ya spika, kalamu ya kuazima, wenzangu wananipigia honi nje. Nyimbo nane. Leo nazikuta kwenye simu ya mwanangu zimepandishwa na mtu mwingine, jina langu halimo. Yule bwana hapokei tena simu zangu. Bado inauma.

Ndipo nilipoanza kuifuatilia Strata-East, lebo ndogo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, ya jazi ya New York. Mwaka 1971 Charles Tolliver, mpiga tarumbeta, na Stanley Cowell, mpiga piano, walikuwa na rekodi ya bendi kubwa iliyokosa kampuni ya kuichukua. Wakaitoa wenyewe. Jina walilichukua kwa wanamuziki wa Detroit waliokuwa na kampuni yao iitwayo Strata. Hii ikawa ya mashariki. Kisha wakawafungulia mlango wenzao kwa utaratibu ninaoupenda mno: unarekodi kwa gharama yako, unaleta kazi iliyokamilika, lebo inafyatua santuri na kusambaza, masta inabaki yako, na sehemu kubwa ya mapato ni yako. Zilitoka santuri zaidi ya 50 hivyo. Mwaka 1974 mshairi na mwimbaji Gil Scott-Heron na mwenzake Brian Jackson wakatoa hapo albamu ya Winter in America, na wimbo "The Bottle" ukavuma.

Baadaye Scott-Heron alihamia Arista, kampuni kubwa. Wapo wanaoona lebo ilishindwa. Mimi sioni hivyo, kwa sababu mwanamuziki wa Strata-East aliweza kuondoka bila kuacha kazi yake rehani.

Sasa sikilizeni, wadogo zangu. Aliyelipia studio amelipia saa za studio. Akitaka zaidi, aandike ni asilimia ngapi na kwa miaka mingapi. Someni mkataba. Usomeni tena nyumbani, si pale studio. Kama fedha inatosha nyimbo mbili tu, rekodini hizo mbili, ziwe zenu.

Mimi albamu ya pili niliilipia kidogo kidogo, kwa fedha ya kupiga harusini, mwaka mzima. Diski yake iko kabatini, nimeizungushia kanga ya mama.