Daraja la gita likae wapi, na kwa nini linaunguruma

Kaka wa Tanga, umeuliza daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gita la umeme, ulifunge wapi kwenye ubao wa mninga, na kwa nini gita la mwenzako huunguruma akiachia nyuzi.

Usitoboe tundu la daraja kabla shingo haijakazwa. Pima kutoka nati (kizuizi cha nyuzi kwenye mwisho wa shingo, karibu na kichwa) hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukata shingo), kisha zidisha mara mbili. Shingo ya kipimo cha milimita 648, yaani urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, itakupa 324 kwenye freti hiyo, kwa hiyo kikalio (kipande cha daraja anapopumzika uzi) cha uzi mwembamba kikae milimita 648 kutoka nati, kikiwa kimesogezwa mbele karibu mwisho wake. Uzi mnene utahitaji kurudi nyuma milimita 3 hivi, na nafasi hiyo lazima iwepo. Halafu vuta nyuzi mbili za pembeni, ya kwanza na ya sita, uone kama zinapita sawa na kingo za shingo. Ukikosea hapa, gita halitakaa kwenye sauti hata ulibadilishie kila kitu.

Ngurumo ile inayonyamaza akigusa nyuzi inaonyesha waya wa ethi (waya wa kutuliza kelele unaotoka kwenye daraja) unafanya kazi; kelele huingia kwa kuwa nyaya za ndani hazijakingwa vizuri. Isiponyamaza akigusa, ndipo waya huo haujafika kwenye daraja, au umeachia. Uunganishe na mgongo wa potenshiometa (kile kifaa cha kuzungusha cha sauti), ila ukwaruze mgongo huo kwa msasa kwanza, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya koili moja, tumia potenshiometa ya kilo-omu 250. Ya koili mbili, 500.

Mninga ni mzito, lakini unafaa. Uwe mkavu tu. Mbichi husinyaa na shingo ikalegea. Pesa ikibana, nunua vikazio vya nyuzi vizuri kabla ya pikapu ya bei.