Kinyago cha Wapende huanzia miguuni

Ndugu yangu, umeuliza kama mchongaji wa Kipende hunakili tu vinyago vya mababu au naye hubuni. Hubuni, ila mara nyingi si yeye anayeanza.

Kwa Wapende wa Kati, maeneo ya Gungu mkoani Kwilu huko Kongo, kinyago kipya cha mbuya, yaani cha kuchongwa na kuchezwa, huanza na mchezaji, kwa kawaida kijana aliyepata hatua ambazo hazijachezwa bado. Huwafuata wapiga ngoma wakatafuta mdundo, wimbo ukaja, vazi likapatikana. Mchongaji huitwa mwishoni, achonge uso unaolingana na tabia ya mhusika. Kwa hiyo kile unachokiona ukutani makumbusho, bila miguu wala ngoma, mimi nakiita kipande tu.

Mtazame Mbangu, mmoja wa wahusika wa vinyago hivi: nusu ya uso nyeusi, nusu nyeupe, pua na mdomo vimepinda. Huyo ni mtu aliyerogwa. Mchezaji wake huweza kuvaa nundu mgongoni, mshale umechomekwa humo.

Mchongaji naye ana uwanja wake. Uso wa kiume hupewa paji lililochomoza. Wa kike hulainishwa, kope zikainama. Humo ndani mafundi hushindana kweli, na Gabama a Gingungu wa Nioka-Munene alipata jina kubwa kwa mkono wake.

Usivichanganye tu vinyago hivi na vile viitwavyo minganji: hivyo hufumwa kwa nyuzi za rafia, havichongwi, na huogopwa zaidi.