Goti jipya, mazoea yaleyale

Dada, umesema ulibadilishiwa goti miezi 4 iliyopita na mazoezi ya nusu saa kila asubuhi huyakosi, lakini ikifika jioni goti linakakamaa na mguu unakuwa mzito. Unahofia kuna kilichoharibika ndani. Nami nilipita hapohapo.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia alilipima goti, akaliona liko sawa, kisha akaniuliza nakaa kwa muda gani kutwa nzima. Tulipojumlisha, tukapata saa 11. Kabla ya upasuaji niliumwa miaka 6, na miaka yote hiyo nilijizoeza kutoinuka: maji pembeni, simu pembeni, watoto waniletee kila kitu. Daktari aliondoa maumivu, mazoea yakabaki. Nusu saa ya asubuhi haikuweza kushindana na saa 11 za kitini.

Basi nikaanza kuinuka kila baada ya nusu saa, hata kwa dakika 2 tu. Maji nikayaacha jikoni, nikawa nanywa kwa glasi ndogo ili nirudi tena. Simu nikaongea huku natembea. Matembezi yenyewe yalianza kwa dakika 5, mara 4 kwa siku. Goti likiamka na uvimbe uliozidi wa jana, nilipunguza siku hiyo, lakini sikuacha. Uvimbe kidogo na joto huweza kuendelea miezi mingi, kwa hiyo visikutishe.

Na hili nakusihi: usilaze mguu na mto chini ya goti. Inaliwaza, lakini goti huzoea kukunjika na baadaye kulinyoosha kabisa ni taabu. Mto uwe chini ya kisigino. Msuli wa mbele ya paja nao hudhoofika sana baada ya upasuaji, na kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono huurudishia nguvu.

Usiogope kulichakaza kwa kutembea. Magoti haya mengi hudumu zaidi ya miaka 20. Kukimbia na kuruka ndiko tunakokatazwa zaidi.

Ila shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikikubana, nenda hospitali saa hiyohiyo, huenda damu imeganda. Kidonda kikitoa usaha au ukipata homa, usisubiri pia.

Kesho hesabu saa unazokaa, kisha uniandikie umepata ngapi.