TAZARA ni ya nani, na nani anaiendesha? Jibu la mtoto wa Mlimba

Mkuu, umeuliza TAZARA, ile reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia, ni ya Tanzania au ya Zambia, na kwa nini mambo yake huchukua muda mrefu kuamuliwa. Nimekulia Mlimba, mji wa Tanzania unaopitiwa na reli hiyo, na mzee wangu alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa relini.

Ni ya nchi zote mbili, nusu kwa nusu. Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ni kilomita 1,860, na 975 kati ya hizo ziko kwetu, lakini shirika ni moja. Juu kabisa kuna Baraza la Mawaziri wa pande zote, kisha bodi, kisha menejimenti yenye makao Dar. Kwa mujibu wa sheria yake, mkurugenzi mtendaji hutoka Zambia na naibu wake Tanzania. Shughuli za kila siku zimegawanywa mikoa miwili: wa Tanzania unaongozwa kutoka Dar, wa Zambia kutoka Mpika. Mzee na wenzake walimjua meneja wa mkoa. Hao wa juu waliwasikia redioni tu.

Ugumu uko hapo. Kununua vichwa vya treni au kubadili sheria kunataka serikali mbili zikubaliane, na zote zitoe fedha. Mmoja akikwama, mwenzake hana pa kwenda.

Halafu kuna hesabu ya abiria. Nauli peke yake haiwezi kutunza reli ndefu namna ile. Mzigo, hasa shaba ya Zambia, ndio unaombeba abiria. Reli ilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 2 kwa mwaka, lakini mwaka wa fedha 2014/15 ilisafirisha chini ya 100,000. Shaba ikihamia kwenye malori, anayeumia ni mama wa Mlimba mwenye magunia yake ya mpunga. Masika yakikolea bonde la Kilombero, barabara inakuwa tope tupu, na treni ndiyo inayompeleka mgonjwa hospitali.

Septemba 2025 serikali hizo zilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China, CCECC, ili iikarabati na kuiendesha reli, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Reli inabaki mali ya nchi mbili. Mwekezaji yeyote atakimbilia mzigo, ndiko kwenye faida. Kwa hiyo wabunge wetu waulize kifungu kwa kifungu: treni za abiria zitasimama vituo gani vidogo, mara ngapi kwa wiki, na hasara yake italipwa na nani.