Siku 21 Zimepita, Simu Haijalia

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, nauza omena katika soko la Kibuye hapa Kisumu. Mwanangu alihitimu chuo miaka mitatu iliyopita na hajapata kazi. Mwezi wa Januari mhubiri mmoja aliyefanya mkutano mtaani kwetu alinisomea Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani na kuwapa tumaini, akanihakikishia kwamba nikipanda mbegu ya sadaka ya shilingi 8,000 mwanangu ataitwa kazini ndani ya siku 21. Fedha hizo nilizikopa kwenye chama chetu. Huu ni mwezi wa nne, simu haijalia, na wanachama wenzangu wananidai. Mhubiri anasema imani yangu ilipungua. Je, Mungu amevunja ahadi yake, au mimi ndiye niliyeiharibu?
Mama wa Kibuye

JIBU: Mama, Mungu hajavunja ahadi, wala wewe hujaiharibu. Ahadi ya siku 21 haimo katika sura uliyosomewa, na jambo lisiloahidiwa haliwezi kuvunjwa.

Sura hiyo ni barua. Yeremia aliiandika Yerusalemu akawapelekea watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza hadi Babeli, watu waliotamani kurudi kwao hata kesho yake. Aya ya 10, ambayo wengi wetu tunaohubiri huiruka tukikimbilia ya 11, inataja muda: miaka 70. Maana yake ni kwamba mzee aliyesikia barua ile ikisomwa alielewa kuwa atazikwa ugenini, na kwamba tumaini lililoandikwa humo wangeliona wajukuu wake. Tena Mungu anasema anawawazia "ninyi", hasemi "wewe". Kiswahili chetu hapo hakituachii nafasi ya kujidanganya. Ahadi ilitolewa kwa taifa, nasi tunajifunza kwayo tabia ya Mungu aliyeitoa, lakini hatuwezi kuikata kipande tukakibandika juu ya barua ya maombi ya kazi.

Tarehe za karibu zilikuwapo hata wakati huo. Katika sura ya 28, nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba vyombo vya nyumba ya Bwana na mateka wote watarudi katika muda wa miaka miwili. Yeremia alimjibu kwanza "Amina", kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo, na mimi humpenda kwa neno hilo. Lakini kutamani kwake hakukuifanya habari ile iwe kweli. Baadaye Yeremia alimwambia Hanania waziwazi kwamba amewatumainisha watu uongo. Angalia ni nani aliyelaumiwa, Mama: ni aliyetaja tarehe, si waliomwamini. Kuhusu imani kupungua, Ibrahimu aliitwa akiwa na miaka 75 akampata Isaka akiwa na miaka 100, na katikati akajaribu njia ya mkato ya kupata mtoto kwa Hajiri, mjakazi wa mkewe. Ahadi haikufutwa.

Basi mateka wafanye nini miaka yote hiyo? Barua inawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, wauombee amani mji ule ule waliopelekwa kwa nguvu. Wewe unaijua kazi ya ziwa kuliko mimi. Mbalamwezi ikijaa, taa za wavuvi hazivuti omena, na hakuna anayesema kwamba ziwa limemlaghai. Nyavu hushonwa siku hizo. Mwanao naye asikae nyumbani akilinda simu. Aendelee kutuma maombi ya kazi, na huku akusaidie kupima omena kwa gorogoro sokoni. Shahada yake haitachakaa kwa sababu hiyo.

Ukitaka ahadi ya kushika leo asubuhi, shika Waebrania 13:5: "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Mwandishi anaitumia kwa waumini wote, tena katika aya inayohusu fedha, akiwaonya wasizipende na wawe radhi na vitu walivyo navyo. Haina tarehe wala ada.

Sasa deni. Nenda kwenye mkutano wa chama kabla hawajaja mlangoni kwako, ueleze jinsi fedha zilivyotumika pasipo kuficha, uombe kulipa kidogo kidogo kila wiki kwa kiasi ambacho meza yako inaweza kubeba. Aibu itakuwapo, lakini sidhani kuwa wewe ni wa kwanza miongoni mwao. Usikope tena ili kuongeza mbegu, hata ukiambiwa kwamba ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Na ukimwomba mhubiri huyo akurudishie shilingi 8,000, hutakuwa umemkosea Mungu. Mimi ningeomba, ingawa singekopa nauli ya kumfuata.