Ufa kwenye hodhi la akriliki: anzeni chini

SWALI: Hodhi letu la kuogea ni la akriliki. Limepata ufa wa sentimita 12 pale tunaposimama. Fundi alipaka silikoni, lakini wiki tatu baadaye maji yakaanza kuvuja tena. Je, linatengenezeka nyumbani au tununue jingine? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Linatengenezeka, ilimradi ufa haujafika kwenye tundu la kutolea maji. Ukishafika hapo, badilisheni hodhi.

Bandueni silikoni yote kwa kikwaruzio cha plastiki, pamoja na ule utando mwembamba unaobaki, maana hakuna gundi inayoshika juu yake. Msitumie tina wala asetoni, hata ile ya kufutia rangi ya kucha: akriliki hutoka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Sabuni ya vyombo na maji vinatosha. Pakauke siku mbili.

Kisha mmoja asimame ndani, mwingine auangalie ufa kwa karibu. Ukifunguka na kufunga kila anapohamisha mguu, tatizo liko chini: sakafu ya hodhi haina egemeo. Akriliki ina unene wa milimita chache tu na mgongoni imeshikiliwa na faibaglasi. Ikibonyea kila siku huchoka, ikapasuka. Mkijaza juu peke yake, hata kwa gundi ya bei ghali, patapasuka tena.

Toboeni kila ncha ya ufa tundu la milimita 3, polepole, kwa drili ya betri. Ncha kali ya ufa ndiyo inayoendelea kuchana. Tundu la mviringo huisimamisha.

Fungueni paneli ya pembeni mfikie mgongo wa hodhi. Upigeni msasa namba 80, mfute vumbi. Kateni vipande vitatu vya mkeka wa faibaglasi vya sentimita 30 kwa 20, ule wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Resini ya poliesta gramu 200 inatosha, lakini changanyeni nusu kwanza na hadena (dawa inayoigandisha resini), kwa sababu ikikaa nyingi koponi hupata moto na kuganda mkononi. Katika joto la pwani, hadena gramu 1 kwa resini gramu 100 inatosha. Ikizidi, kiraka hukakamaa na kupasuka. Lowesheni mkeka juu ya karatasi ya nailoni, kisha mubandike pamoja na nailoni yake, maana ukipakwa resini ukiwa juu utawadondokea. Vaeni miwani na glavu (hadena ikiingia jichoni inaweza kulipofua) na fungueni madirisha.

Kiraka kikikauka, jazeni nafasi iliyo chini kwa povu la poliyurethani lisilotanuka sana, kidogo kidogo. Kabla halijavimba, wekeni ndani ya hodhi ubao na madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji, yakae saa 24. Bila uzito huo, povu litalinyanyua hodhi.

Juu sasa ni kazi nyepesi. Panueni ufa kwa ncha ya kisu uwe mfereji wa milimita 2, pigeni msasa 120 kandokando, jazeni gundi nyeupe ya epoksi, matundu mawili yakiwemo, ipande kidogo juu ya uso. Baada ya saa 24, pigeni msasa wa maji: 400, 800, 1200, 2000, mmalizie kwa polishi ya magari. Alama hafifu itabaki. Msioge humo kwa siku tatu zaidi.

SWALI: Epoksi hiyohiyo inafaa kwa tangi la maji la plastiki lililopasuka?

JIBU: Haifai. Matangi hayo ni ya polithini, na epoksi hubanduka kama ganda. Mtafute fundi wa kuchomelea plastiki kwa hewa moto, mwenye vijiti vya polithini hiyohiyo. Tangi liwe tupu na kavu, na ncha za ufa zitobolewe kwanza.